Aliyetumwa Kupima Raha ya Bwawa

Afisa Utamaduni wetu alikuwa anaogopa maji. Simaanishi maji ya kunywa wala ya kuoga; hayo aliyatumia kama watu wengine, na kwa usafi alitushinda ofisi nzima. Namaanisha maji yaliyotulia mahali, yenye kina, yasiyoonyesha chini kuna nini. Alikulia milimani Mbulu, na mama yake alimwonya tangu utotoni asipite karibu na chemchemi jua likiwa utosini, kwa sababu chemchemi zina wenyewe. Alisoma, akapata cheti, akawa mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, lakini tukifika kwenye kijito alisimama kwanza, akakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi, ndipo akavuka. Nilimcheka kwa jambo hilo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, naye hakuwahi kukasirika.

Basi ndiye huyo aliyetumwa na halmashauri kupima raha ya bwawa.

Mimi nilikuwa afisa mifugo. Meza yangu na yake zilikuwa katika chumba kimoja pale Katesh, na pikipiki ilikuwa moja pia, ya idara yangu, jambo nililomkumbusha kila mafuta yalipopungua. Kazi yangu ilikuwa chanjo, majosho na vibali vya kusafirisha ng'ombe. Yake ilikuwa ngoma, michezo ya shule, mapokezi ya wakubwa, na kila jambo ambalo hakuna idara nyingine iliyolitaka. Wafadhili wa bwawa walipouliza litawafaa vipi wananchi kwa mapumziko na burudani, swali hilo lilizunguka meza zote. Mtu wa maji alisema yeye ni wa mabomba. Mtu wa ardhi alisema yeye ni wa ramani. Mwisho bosi wetu akasema, "Burudani si ni utamaduni?" Yakaisha.

Bwawa lilipangwa kwenye bonde moja upande wa Dirma, ambako mto wa msimu hupita kwa kishindo wakati wa masika, kisha unabaki mchanga mtupu. Kwangu halikuwa na mjadala. Kila kiangazi ng'ombe wa bonde lile walitembea kutwa kufuata maji, wakirudi wamechoka kuliko walivyoondoka, na mimi ndiye niliyeitwa kuwatazama wakishaanguka. Nililitaka bwawa lile kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo. Niliposikia kwamba kuna mtu anakwenda kupima raha yake, nilicheka hadi nikaweka kalamu chini.

"Ng'ombe watapanda boti?" nilimuuliza.

"Watapanda," akajibu bila kuinua macho. "Wewe utakata tiketi."

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la kahawia jua liwake lisiwake. Upepo wa Hanang, alisema, haujali kalenda. Alipanga chumba Jorodom, miaka mingi kabla ya lile tope la mlimani kushuka na kufukia nyumba, na kila asubuhi alikuja ofisini kwa miguu, akichelewa siku zote kwa sababu moja: salamu. Salamu kwake haikuwa kitu cha kupitia. Akimwamkia mzee shikamoo alisimama, akavua kofia, akaulizia nyumba, watoto, mifugo na mvua, na mzee akirudisha maswali alijibu moja moja kama yuko mbele ya hakimu. Siku moja tulikuwa kwenye msafara wa mkubwa fulani kutoka mkoani. Gari letu lilikuwa la mwisho. Afisa Utamaduni akamwona mzee kando ya barabara, akamgonga dereva bega, tukasimama. Msafara ukapotelea mbele katika vumbi. Tulipofika mkutanoni mkubwa alikuwa ameshamaliza hotuba, na bosi wetu akamchukua pembeni kumkaripia.

"Unamwacha mgeni rasmi kwa ajili ya mtu wa njiani?"

"Mgeni rasmi kesho hayupo, bosi," alisema kwa upole. "Yule mzee kesho yupo, na mimi ninapita pale pale."

Mtu wa namna hiyo humwezi. Unaweza kumkasirikia tu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikuwa mwamuzi wa mashindano ya ngoma ya wilaya nzima, lakini mwenyewe akicheza alionekana kama mtu anayezima moto wa majani kwa viatu. Aliwahubiria walimu wakuu kwamba mtoto asiyecheza hasomi, akawabembeleza wakulima wa Nangwa wapumzike walau Jumapili mchana, lakini likizo yake yote aliimalizia kwenye maharage ya dada yake huko Mbulu, akirudi na mikono yenye malengelenge. Nilimwambia daktari hunywa dawa yake mwenyewe. Akasema yeye si daktari, yeye ni mpishi, na mpishi hula mwisho.

Hakuwa na mke. Niliwahi kumuuliza kuhusu hilo na akaniuliza kuhusu ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Sikuuliza tena.

Lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Alijua kukaa. Akipewa kazi ya kujua watu wanataka nini mahali fulani, alikwenda pale, akaketi juu ya jiwe au gogo, akatazama tangu asubuhi mpaka watu warudi makwao. Kauli yake ilikuwa hii: "Ukitaka kujua mtu anapenda nini, usimuulize. Angalia anachelewea wapi." Wakati fulani palitakiwa kuwekwa mabenchi ya kupumzikia Nangwa. Kila mtu alisema yawekwe sokoni. Yeye alikaa, akagundua kwamba akina mama wakitoka kusaga hawaendi moja kwa moja nyumbani. Wanajibanza nyuma ya ukuta wa mashine, pasipo na upepo na penye jua, wanatua ndoo za unga na kuongea. Akaomba mabenchi yawekwe huko. Fundi alilalamika kwamba nyuma ya mashine si mahali pa mabenchi. Yakawekwa nusu huko, nusu sokoni. Ya nyuma ya mashine yamelika kwa kukaliwa. Ya sokoni yana rangi yake mpaka leo.

Kwa hiyo alipoanza kazi ya bwawa, pamoja na kumcheka kwangu, nilijua ataifanya kwa moyo. Alikwenda mpaka Ziwa Basotu kuona watu wanavyoishi na maji, akazungumza na wavuvi akiwa amesimama mbali kwenye nyasi hadi wakadhani ni mtu wa kodi. Akazunguka Katesh akiuliza. Mpiga picha alitaka mahali pa kupigia maharusi. Mchungaji alitaka pembe yenye maji ya kufika kifuani, kwa ajili ya ubatizo. Vijana wa mjini walitaka nyama choma na muziki. Walimu walitaka kuleta wanafunzi waone bata maji. Wote hao aliwasikiliza, na jioni alinisimulia huku akichemsha chai kwenye jiko lake la mafuta, amekunja mikono ya koti, na niliona kitu kikiota ndani yake. Akaanza kulichora bwawa lile mezani kwa kidole. Hapa ngazi za kufulia, pana, akina mama wakae wanaongea. Hapa kibanda cha chai. Hapa pasipo na kina, pamezungushiwa kamba, watoto wa shule wafundishwe kuogelea.

"Nani atawafundisha? Wewe?"

"Si mimi," akasema. "Ila sitaki wawe kama mimi."

Halafu akasema jambo ambalo sikulicheka. Alisema watu wa kule chini wamehesabiwa ng'ombe wao, magunia yao na watoto wao walioko shule na wasioko, lakini hakuna mtu hata mmoja kutoka serikalini aliyewahi kwenda kuwauliza wanafurahia nini. Alisema hiyo ndiyo kazi yake ya maana kuliko zote alizowahi kupewa, na hata kama wenzake ofisini wanaiona mzaha, yeye ataifanya kama kazi ya kanisa.

Kosa lilianzia hapo hapo kwenye kuuliza. Yeye aliyesema usimuulize mtu, safari hii aliuliza. Simlaumu sana. Kiangazi kilikuwa kimefika katikati, wafadhili walikuwa wanahimiza, na bondeni hapakuwa na watu wa kutazama. Vijana walikuwa wameipeleka mifugo mbali kufuata maji. Ukaitishwa mkutano. Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa na jambo langu la chanjo. Wazee walikaa upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine na mavazi yao ya ngozi yenye shanga, na mtendaji wa kijiji akatafsiri. Afisa Utamaduni alisalimia mpaka nikachoka. Akaeleza. Kisha akauliza, "Vijana wenu, wake kwa waume, wakitaka kufurahi huwa wanakutana wapi?"

Kimya. Wazee walitazama ardhi. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa kitambaa, mwingine akageuka kutazama vilima.

Akauliza tena kwa maneno mengine. Kimya kile kile. Mwisho mzee mmoja akainuka, akasema kwa Kiswahili, "Hapa hakuna mchezo, Afisa. Hapa ni ng'ombe." Watu wakaguna kukubali, kikao kikaendelea na habari ya chanjo.

Baada ya mkutano tulitembea bondeni. Upande wa mashariki, pale ambapo ukingo wa maji ungefika taratibu bila mteremko, palikuwa na sehemu tambarare, pana, haina jani, udongo wake umeshikana kama sakafu ya nyumba. Afisa Utamaduni alisimama katikati yake akainua mikono. "Tazama! Ufukwe umejitengeneza wenyewe." Alidhani ni ng'ombe waliokanyaga, na hata mimi mwenye ng'ombe niliamini hivyo. Taarifa yake ikasema kwamba wenyeji hawana mahali pa burudani kwa sasa, kwamba bwawa litawapa walichokuwa hawana, na kwamba ule uwanja wa mashariki uwe ndio sehemu ya watu. Wafadhili waliipenda. Tuliambiwa ndiyo iliyowafanya waamue kutoa fedha.

Mvua zikaja, na zilikuwa nzuri. Tulishuka tena pamoja, mimi kwa chanjo, yeye kwa sababu alitaka kuona mto ukiwa na maji. Pikipiki ilizama kwenye tope tukaiacha kwa mtu. Tulipokaribia bonde tulisikia kwanza miguu. Sijui niseme vipi. Haikuwa ngoma ya kupigwa, ilikuwa ardhi yenyewe inatoa sauti, na juu yake wimbo wa wanawake. Tulipopanda kamwinuko kadogo tukaona. Uwanja wote wa mashariki umejaa. Vijana wa kiume wamejipanga, wanaruka wima, wananing'inia hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, wanatua pamoja. Wasichana wamewaelekea, ngozi zao zenye pindo ndefu zinapepea, bangili zinalia. Walikuwa wametoka kila upande, wengine safari ya kutwa. Ng'ombe walikuwa mbali, wameshiba, hawana habari.

Afisa Utamaduni alivua kofia yake akaishika kifuani.

Pembeni alikaa bibi mmoja na kibuyu cha maziwa. Tulimtambua: alikuwa yule aliyefunika mdomo siku ya mkutano. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatumiminia maziwa kwenye kikombe cha bati tukanywa kwa zamu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

"Bibi," Afisa Utamaduni alisema, "mbona siku ile hamkuniambia?"

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. "Uliuliza mbele ya mkwe wangu," alisema. "Baba ya mume wangu alikuwa pale na fimbo yake. Na yule alikuwa mkwe wa yule. Na yule wa yule. Wewe unataka tuseme pale vijana wanatafutana wapi?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Tuliona haya sana. Tulikuonea haya na wewe."

Mkutano mzima ulikuwa wakwe kwa wakwe, na kwao mbele ya mkwe mambo ya ngoma hayatajwi. Mimi nilikuwa nimechanja mifugo ya watu wale kwa miaka na sikulijua.

Bibi aliendelea. Alituonyesha kwa kidevu mahali kwenye uwanja, akasema pale ndipo mume wake alipomwona mara ya kwanza, na pale mbele kidogo ndipo binti zake walipoonwa, na alisema hivyo uso wake ukiwa umefunguka, akitingisha bega kufuata wimbo. Afisa Utamaduni alimsikiliza bila kupepesa. Tulirudi mpaka kwenye pikipiki.

"Nimeandika kwamba hawana," alisema. "Wanacho, na nimependekeza kizamishwe."

Kuanzia hapo tukagombana, na ugomvi huo ndio unaoniuma ninapoandika haya. Alitaka kuandika upya. Fundi wa mabwawa alikuwa ameshatueleza wazi kwamba tuta la bwawa haliwezi kukaa mahali pengine. Juu ni miamba, chini ni mchanga. Kukiokoa kile kiwanja maana yake ni kukosa bwawa. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa sauti ya juu, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

"Unataka ng'ombe wafe ili watu waruke ruke?"

"Nataka niandike nilichokiona."

"Wewe hata kucheza hujui!"

"Kwa hiyo nimejua thamani yake," akasema, "kama mwenye njaa anavyojua chakula."

Akaandika upya. Alieleza kwamba pale pana mahali pa furaha pa siku nyingi, panapotumika, ambapo ndoa za bonde zima huanzia, na kwamba hakuna boti wala kibanda cha chai kinachoweza kufidia. Kwa haki yake niseme, taarifa iliandikwa vizuri; wapo walioisoma wakatikisa vichwa kwa huruma. Wafadhili waliisoma pia. Hawakutaka lawama za kuzamisha mila za watu. Wakatushukuru kwa uwazi wetu, wakalipeleka bwawa kwenye wilaya nyingine.

Nilinuna kwa muda mrefu. Yeye alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, akaulizia nyumba, watoto, na mifugo ya kazini, na mimi nilijibu kwa kuguna. Wazee wa bondeni nao walikasirika. Walipomkuta mnadani walimwitikia salamu kwa sababu salamu haikataliwi, lakini hawakumuuliza chochote. Hilo lilimchoma kuliko kelele zangu. Aliwahi kuniambia, "Watanielewa baadaye." Nikamwambia ng'ombe hawasubiri baadaye.

Kisha ikaja miaka mibaya. Sitaki kuieleza sana. Aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo hawezi kuambiwa. Nilishuka bonde lile nikiwa sina dawa ya kutoa, kwa sababu kiu haina chanjo. Ng'ombe walilala ubavu wakaacha kuinuka. Familia zilizobaki na mifugo zilihama nayo. Waliobaki bila mifugo waliwapa vijana wao blanketi na fimbo, wakawapandisha basi la Babati na Arusha wakawe walinzi. Ukipita mjini asubuhi na mapema unawaona getini, warefu, wamejifunika, wanangoja tajiri atoke.

Afisa Utamaduni alikuwa bado kazini. Kila aliporudi kutoka kule hakunisimulia kitu. Alianza kuwahi ofisini, na hiyo ndiyo ilinitisha. Ukimwona mtu wa namna ile anawahi, ujue salamu zimempungukia njiani. Akastaafu mwaka mmoja kabla yangu, akarudi Mbulu kwenye maharage ya dada yake, na mimi nikabaki na chumba kizima na pikipiki isiyogombaniwa. Sikufurahi hata kidogo.

Mwaka jana alishuka Katesh kwa mazishi ya mwimbaji mwenzake wa kwaya. Tulikutana makaburini. Alikuwa amepungua, koti lile lile limekuwa kubwa. Baada ya chakula akaniomba nimpeleke bondeni. Nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe sasa, nami nilijua anachotaka kwenda kukiona, na nilijua hatakiona. Ningeweza kumwambia barabara ni mbaya. Nilimpeleka, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka.

Uwanja ulikuwa haupo. Ardhi ilikuwepo, ila ilikuwa imeota vichaka vya miiba mpaka kiunoni, na katikati pameinuka vichuguu vya mchwa. Mahali hubaki wazi kama kuna miguu ya kupakanyaga, na miguu ile yote ilikuwa Arusha. Afisa Utamaduni alijaribu kuingia, miiba ikamshika koti, nikamnasua. Alikuwa akipumua kwa shida. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza na sikukipata, kwa sababu maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshamwambia siku za ugomvi, na sasa yalikuwa kweli.

Bibi yule alikuwa hai bado. Tulimkuta nje ya nyumba yake, peke yake, na mbuzi watatu. Tukamwamkia. Hakuwa na maziwa ya kutukaribisha, akatuletea kigoda na kikombe cha maji ya kwenye dumu.

"Wewe ni yule wa bwawa," alimwambia.

"Ndiye mimi, bibi."

"Umezeeka."

"Nimezeeka." Akakigeuza kikombe mkononi. "Vijana wote wameondoka?"

"Wote. Wanalinda nyumba za watu. Mkwe wangu alikufa, yule mwenye fimbo. Mume wangu pia." Alisema bila kulalamika. Kisha akavuta kigoda chake karibu. "Na mimi nikuulize. Siku ile ya ngoma ulikaa na mimi. Ulikunywa maziwa yangu. Kwa nini hukuniuliza ninataka nini?"

Afisa Utamaduni aliweka kikombe chini. "Uliniambia pale ndipo mume wako alipokuona. Niliona unapapenda, bibi. Nilisema nisiwaharibie."

"Ninapapenda. Aliniona pale, ndiyo. Lakini alinioa kwa ng'ombe." Akanyoosha mkono kuonyesha mteremko ulio juu ya bonde, ng'ambo ya vichaka. "Mngejaza maji, sisi tungepanda pale. Vijana wangekanyaga msimu mmoja, uwanja umekuwa. Watu wakiwa na maziwa wanacheza popote. Wewe ulilinda udongo."

Nilitazama mteremko ule. Ulikuwa mpana, mzuri, na kwa miaka yote ile hakuna kati yetu aliyeutazama, si yeye aliyetaka ngoma, si mimi niliyetaka maji.

"Mara ya kwanza uliuliza vibaya," bibi alisema. "Tukacheka, tukasema atajifunza. Mara ya pili hukuuliza kabisa."

Nilidhani atajitetea. Mtu mwingine angejitetea. Alikuwa na sababu za kutosha, na moyo wake ulikuwa safi tangu mwanzo, Mungu ni shahidi. Yeye aliinuka kutoka kwenye kigoda, akavua kofia, akasimama mbele ya bibi yule kama alivyosimama mbele ya kila mzee aliyewahi kumwamkia barabarani.

"Basi ninauliza sasa, bibi," alisema. "Unataka nini?"

Mbuzi mmoja alikuja akamlamba bibi mkono, bibi akamsukuma.

"Nataka wajukuu wangu warudi," alisema. "Kaandike hiyo."

Afisa Utamaduni akageuka kunitazama mimi, na mimi pia nilikuwa nimeshastaafu.